Mshono wa chini ya maji unaanza kuharibika ukiwa bado kwenye karatasi

Wiki iliyopita kijana mmoja anayejifunza ukaguzi aliniuliza, "Kaka, hivi mnajuaje mshono ulioko mita nane chini ya maji ya matope ni mzima?" Nikamwambia ukifika hatua ya kuuliza hivyo ushachelewa, akacheka, akadhani natania. Nikamuahidi nitaandika, ndo hii hapa, na naomba radhi mapema maana itakuwa ndefu na sina mpango wa kuipunguza.

Mi ni mkaguzi wa mishono ya chuma, yaani pale vyuma viwili vinapounganishwa kwa kuchomelea, sio mzamiaji. Nimeshazama mara kadhaa kwenye mafunzo ikaishia hapo, masikio yangu na presha ya maji haviivi chungu kimoja. Kwa hiyo haya ni ya mtu anayekaa juu kwenye tishari, hedseti kichwani, anasikiliza mtu mwingine akipumua huko chini, anaandika ampea na saa kwenye daftari, halafu mwisho wa siku anaweka sahihi kwenye karatasi inayosema mshono uko sawa. Hiyo sahihi ndo inayoninyima usingizi. Mishono ya juu ya daraja mtu yeyote mwenye ngazi na tochi anaweza kuirudia kesho, ya kwenye msingi inafunikwa na maji, inafunikwa na zege, inafunikwa na tope, na baada ya hapo hamna atakayeiona tena, umebaki wewe na daftari lako.

Sasa tuanze na kitu ambacho wengi hawapendi kukisikia. Kabla hujauliza elektrodi gani (ile fimbo ya kuchomelea) au mzamiaji gani, chukua mchoro, tafuta kila alama ya mshono iliyo chini ya usawa wa maji, halafu kaa na mbunifu uulize moja moja: huu lazima uwe huku? Mingi iko huko kwa sababu aliyechora alikuwa anachora ofisini ambako hamna maji, akaona vyuma viwili vinakutana akaweka alama ya mshono, basi, kamaliza. Kumbe kuna kola za kubana kwa bolti. Kuna kuvalisha bomba kubwa juu ya paili, ile nguzo inayopigiliwa ardhini, halafu nafasi ya katikati ikajazwa grauti ya saruji, mitambo ya mafuta ya baharini imesimama kwa njia hiyo miaka mingi tu. Kuna kuunganisha fremu nzima nchi kavu, ikakaguliwa vizuri na jua likiwaka, ikashushwa na kreni kipande kimoja. Kila mshono unaoupandisha juu ya maji ni mshono ambao hutakuwa na haja ya kuutetea baadaye.

Na mishono mingi ya msingi wa chuma kwa kweli inachomewa juu, watu wanasahau. Paili za bomba huwa hazitoshi urefu, unapigilia kipande cha kwanza mpaka kinabaki kimechungulia juu ya maji, unasimamisha cha pili juu yake, unachomelea mzunguko mzima, unaendelea kupigilia. Huo mshono umechomewa hewani lakini saa mbili baadaye uko majini na baada ya hapo uko ndani ya udongo milele, na katikati umepokea mapigo ya nyundo maelfu. Kwa hiyo ukifanya uzembe hapo hauna tofauti na aliyechomelea vibaya chini. Mambo ninayoyaangalia hapo ni ya kawaida kabisa lakini ndo yanayorukwa kila siku: kichwa cha paili ya chini kimepondwa na nyundo, lazima kikatwe mpaka ufikie chuma ambacho hakijaumia, halafu ndo utengeneze ukingo mpya wa mteremko. Mabomba hayako duara kamili hata siku moja, ukiyasimamisha utakuta upande mmoja umezidi nje upande mwingine umeingia ndani, unazungusha la juu mpaka upate sehemu yanapokubaliana, usilazimishe kwa jeki mpaka chuma kinalia. Kama ni bomba la mshono wa kuzunguka kama skrubu, hakikisha mshono wa la juu haukutani na wa la chini sehemu moja. Pasha moto kabla ya kuanza, na sio upande mmoja tu ambao kamera ya mteja inaufikia. Wachomeleaji wawili, pande mbili zinazoelekeana, waende pamoja ili bomba lisivutwe upande mmoja. Na altrasaundi, kupima ndani ya mshono kwa mawimbi ya sauti, ifanyike KABLA mtu wa nyundo hajawasha mashine. Hapa ndo ugomvi mkubwa unapotokea, maana kreni inalipiwa kwa saa na kila mtu anakuangalia wewe na kimashine chako kama vile umewaibia.

Haya, njia ya pili ni kuondoa maji. Unapigilia ukuta wa shitipaili, mabamba marefu ya chuma yanayoshikana, kuzunguka sehemu ya kazi, unapiga pampu, unapata kisima kikavu, hiyo ndo kofadamu, watu wanashuka kwa ngazi wanachomelea kama wako karakana. Safi sana. Ila kuna mtego ambao nimeuona unawanasa mpaka wachomeleaji wenye miaka 20 kazini. Uso unaochomelea ni mkavu, lakini mgongo wa bamba hilo hilo unaguswa na maji ya mto. Bamba likiwa jembamba, joto linapita upande wa pili linamezwa na maji kama sifongo, unapasha moto na gesi dakika kumi, ukiondoa mkono tu limepoa. Maana yake mshono unapoa haraka mno na pembeni yake chuma kinakuwa kigumu na kuvunjika kirahisi, yaani uko kwenye kisima kikavu lakini unapata tabia za mshono wa majini. Utaratibu wa kuchomelea uliothibitishwa kwenye bamba lililoning'inia hewani hauna maana hapo, inabidi uthibitishwe na bamba lenye maji mgongoni. Niliwahi kumwambia hivyo msimamizi mmoja akaniuliza, "Kwani mzee, maji yako ndani au nje?" Nikamwambia yako nje ndo maana nina wasiwasi. Hatukuelewana siku hiyo.

Njia ya tatu ni chumba kikavu huko huko chini, kinafungwa kuzunguka sehemu ya kazi, gesi inasukuma maji nje na mzamiaji anachomelea ndani yake. Mishono yake inaweza kuwa bora sawa na ya juu, ila gharama na maandalizi yake kwa msingi wa daraja la kawaida mara nyingi hayalipi. Sitakaa hapo.

Inabaki ya nne, kuchomelea ndani ya maji kabisa, mtu na elektrodi na maji katikati. Hii sio teknolojia mpya, Konstantin Khrenov kule Umoja wa Kisovieti alishaifanyia kazi mwaka 1932, na mpaka leo msingi wake ni ule ule: elektrodi yenye ganda, juu ya ganda kuna tabaka la kuzuia maji, umeme wa mkondo mmoja tu, hamna kitu cha AC, ule umeme wa kwenda na kurudi, majini maana hiyo ni kutafuta kumuua mtu. Moto wa umeme kati ya elektrodi na chuma ukiwaka, joto linageuza maji kuwa mvuke na gesi, inatengeneza kiputo kinachozunguka moto, ndani ya kiputo hicho ndo chuma kinayeyuka. Sehemu kubwa ya gesi ya kile kiputo ni haidrojeni.

Na hapo ndo kisa chote kilipo. Nchi kavu sisi tunaiogopa haidrojeni kama ukoma. Elektrodi tunaziweka kwenye oveni ya nyuzi 120 hivi, fundi akizisahau nje kwenye unyevu tunamgombeza, ganda la elektrodi nzuri tunataka liingize chini ya mililita 5 za haidrojeni kwa kila gramu 100 za mshono. Halafu huyo huyo mtu unamshusha ndani ya maji, ambayo yenyewe ni haidrojeni na oksijeni, anachomelea humo. Haidrojeni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, mshono unapoa ndani ya sekunde chache tu kwa sababu maji yanavuta joto kila upande, haidrojeni inakosa muda wa kutoka, inabaki imenaswa kwenye chuma ambacho kwa kupoa haraka hivyo kimekuwa kigumu kama kioo, na mkazo wa kusinyaa upo tayari. Vitu vitatu vimekutana: haidrojeni, ugumu, mkazo. Ufa unaweza kuja saa hiyo au ukaja kesho yake usiku watu wote wamelala. Ndo maana ukiukagua mshono huo dakika tano baada ya kuchomewa ukasema mzima, hujakagua kitu.

Kingine ni kina. Kila mita 10 za maji zinaongeza presha kama ya anga moja, kwa hiyo kwenye mita 10 tu presha imeshakuwa mara mbili ya juu. Moto unabanwa unakuwa mwembamba, vitundu ndani ya mshono vinaongezeka, manganisi na silikoni zinaungua zaidi na oksijeni inaingia zaidi. Kwa hiyo mchomeleaji aliyefaulu mtihani kwenye tangi la mita tatu hajafaulu chochote kuhusu mita 20, na kiwango kinachotumiwa sana kwenye hizi kazi, AWS D3.6M cha chama cha uchomeleaji cha Marekani, kinahesabu kina kuwa kitu cha kuthibitishwa. Kiwango hicho hicho kinagawa mishono kwenye madaraja A, B, C na O. A ni ya kulinganishwa na mshono wa juu, B inakubali vitundu zaidi na kunyumbulika pungufu kuliko A, C ni ya pale ambapo kubeba mzigo sio jambo kuu, na O ni pale mshono unapotakiwa utimize pia masharti ya kiwango kingine, mfano cha madaraja. Mbunifu anatakiwa aandike daraja gani anataka na ahesabu nguvu kwa daraja hilo. Nimeshaona mchoro umeandikwa "kuchomelea chini ya maji, ubora wa juu". Ubora wa juu ndo nini sasa? Hiyo sio maelekezo, hiyo ni dua.

Nije kwenye kazi yenyewe niliyotaka kuisimulia. Ilikuwa msingi wa paili kubwa za bomba mtoni, na kulikuwa na vyuma vya kushikanisha paili kwa ulalo, kati ya mita sita na tisa chini ya maji. Tulibishana na mbunifu wiki nzima, sehemu kubwa ya viungio ikabadilishwa kuwa kola za bolti na grauti, vikabaki vinane ambavyo haikuwezekana kwa sababu ya nafasi. Vinane, mishono ya kona (inayojaza pembe vyuma viwili vinapokutana), majini kabisa. Utaratibu ulikuwepo, umethibitishwa, wazamiaji walikuwa na vyeti vyao, makaratasi yamepangika mpaka raha.

Ila kuna kitu kimoja kwenye utaratibu wa kazi hizi ambacho mi nakipenda kuliko makaratasi yote: kabla ya kazi halisi, pale pale site, mzamiaji yule yule, mashine ile ile, kebo zile zile, kina kile kile, chuma kile kile cha kazi, anachomelea sampuli ya uthibitisho. Inapandishwa juu, inakatwa, inavunjwa. Mkandarasi aliiona kama kupoteza siku. Tukaifanya.

Sampuli ya kwanza kwa macho ilikuwa nzuri tu, mshono umelala vizuri kuliko nilivyotegemea kwa maji ambayo ukiweka mkono mbele ya kioo huoni vidole. Tukaiweka kwenye jeki tuivunje. Mshono mzuri wa kona unajikunja kwanza, unapinga, unavutika. Huu ulilia "ta!" mara moja ukaachia pembeni, kwenye bamba, na uso wa mpasuko ulikuwa unang'aa wenye viduara vidogo vyeupe, kila kiduara kina kitundu katikati. Mafundi wanaviita macho ya samaki. Ukiyaona yale macho huhitaji maabara kukwambia kuna haidrojeni.

Watu wa kwanza kulaumiwa walikuwa wazamiaji, kama kawaida. Mimi nikaenda kwenye kontena nikatafuta cheti cha mabamba. Mabamba ya kazi hayakuwa yale yaliyotumika kuthibitisha utaratibu, yalikuwa yamenunuliwa baadaye, ya daraja la nguvu zaidi, mtu wa manunuzi akaona kafanya la maana. Kuna hesabu moja ndogo ya kujua chuma kitachomeleka vipi: unachukua kaboni, unajumlisha manganisi gawa kwa 6, unajumlisha kromiamu na molibidenamu na vanadiamu gawa kwa 5, unajumlisha nikeli na shaba gawa kwa 15. Cheti kilisema kaboni 0.18, manganisi 1.45. Hizo mbili peke yake zinafika 0.42, ukiweka na vingine ilikwenda kwenye 0.45. Kwa kuchomelea majini kwa elektrodi za kawaida, ukipita 0.40 uko kwenye shimo la nyufa. Bamba la nguvu zaidi ndo lilikuwa bovu zaidi kwa kazi hii, na hili jambo kulielewesha kwa mtu wa manunuzi ni mtihani, anakwambia "lakini bosi hili ni imara kuliko lile." Ndio, ni imara, mpaka ulichomelee ndani ya mto.

Tukaagiza mabamba mengine ya 0.36. Wiki ikapotea. Wakati tunasubiri nikakaa na mzamiaji mkuu, mtu wa makamo, mpole, haongei sana, nikamuomba anieleze anavyofanya kule chini kwenye giza. Nilijifunza zaidi siku ile kuliko kozi nyingi. Alisema, "Mzee, mi sioni mshono, mi nauskia." Anaegemeza elektrodi kwenye kona, anaacha ganda lake liguse chuma na kuiburuta, ikijila yenyewe, mkono wa pili unatangulia mbele kupapasa njia. Mwendo anausoma kwa mlio na kwa mtetemo. Kama kuna uwazi kati ya mabamba mkono hauwezi kumwambia, anaona tu elektrodi inazama. Kwa hiyo kitu anachokiomba kwa watu wa juu ni kimoja: vyuma vikutane. Nchi kavu fundi mzuri anaziba uwazi wa milimita tatu huku anapiga stori, majini uwazi ukipita milimita moja na nusu au mbili anaanza kuteseka, na hata ukikubalika inabidi mguu wa mshono, yaani upana wake kwenye kila bamba, uongezwe kwa kiasi cha uwazi ule ule maana vinginevyo umepunguza nguvu bila kujua. Tukatengeneza vipimo vya mbao vya kila kiungio, umbo la bomba lilichukuliwa chini kwa mkono, vyuma vikakatwa upya juu kufuata vile vipimo. Siku mbili za mbao na msumeno, na nadhani hizo ndo zilizookoa kazi kuliko kitu kingine chochote.

Usafi nao. Chuma kilichokaa majini hata miezi miwili kina utelezi, kina kutu, kina vidudu vilivyojibandika. Brashi ya waya haitoshi, inahitajika greinda ya haidroliki mpaka chuma cheupe kitokee, sentimita kadhaa kila upande, na pale unapobana ethi pia, ile kebo ya kurudisha umeme kwenye mashine. Ethi ikiwa kwenye kutu moto unayumba na umeme unatafuta njia nyingine, na njia nyingine inaweza kuwa mtu. Mzamiaji hatakiwi kamwe kusimama katikati ya elektrodi na ethi. Kebo za mita 80 zinakula volti njiani, mashine juu inasoma vizuri lakini chini moto ni dhaifu, kwa hiyo tulipima mwisho wa kebo, sio kwenye mashine. Na kila mara anapobadilisha elektrodi umeme unakatwa. "Nipe moto!" anasema, msaidizi anashusha swichi anarudisha "Moto upo!" "Kata!" "Umekatwa!" Siku nzima hivyo, mamia ya mara, na hamna anayeruhusiwa kuchoka kujibu. Halafu ile haidrojeni inayopanda kwa vipovu, ikikuta mfuko mahali chini ya bamba inakusanyika, ikipata cheche inalipuka, kwa hiyo tunatoboa matundu ya kupumulia. Ubora na usalama huku havitenganishwi, mtu mwenye hofu hachomelei mshono mzima.

Kitu kingine tulichokiongeza ni kupanga tabaka za mshono ili kila mstari mpya upite pembeni ya uliotangulia kwa nafasi iliyopimwa, joto lake likalainishe kile kigumu kilichoachwa na mstari wa kwanza. Nchi kavu tungepasha moto bamba, majini huwezi, kwa hiyo mshono wenyewe unaufanya uwe jiko la mwenzie. Ni kazi ya subira, inahitaji mistari mingi midogo badala ya michache minene, na slagi, lile gamba linalobaki juu ya mshono, inaondolewa kila mstari hata kama huioni. Aliyezoea kulipwa kwa mita anaichukia hii njia.

Mabamba yakafika, tukachomelea sampuli ya pili. Nitarudi huko.

Kuhusu ukaguzi wenyewe, ule ambao yule kijana alidhani ndo jibu la swali lake. Jicho kwanza, la mzamiaji mwingine asiyechomelea ule mshono, na kwenye maji ya matope jicho maana yake ni kamera iliyobandikwa mfuko wa plastiki wa maji safi mbele ya lenzi, na vidole. Kipimo cha mguu wa mshono kinafanyika kwa geji ya kupapasa. Halafu sumaku: unaupa mshono usumaku, unamwagia wino wenye chembe zinazong'aa, unamulika taa ya UV, ufa unaonekana kama uzi wa kijani. Altrasaundi kwenye mshono wa kona na wenye vitundu ndani inakupa picha ya ukungu, usiiamini sana. Vyote hivi tulifanya baada ya saa 48, sio kabla, kwa sababu ya ule ufa unaochelewa. Mkandarasi alitaka saa 12. Nilimwambia haidrojeni haisomi ratiba yake.

Ufa mmoja tulipata. Kiungio cha sita, mwisho wa mstari, pale elektrodi ilipoisha ikaacha kishimo. Urefu kama kucha. Ukasagwa mpaka ukapotea, sumaku tena kuhakikisha umeisha kweli, ukajazwa, ukasubiriwa siku mbili nyingine. Watu walinuna lakini nani anajali.

Ila acha niseme kitu kuhusu vimishono vidogo, maana hapo ndo watu wanalegea. Viungio vinane kila mtu alikuwa macho. Lakini kwenye paili hizo hizo kulikuwa na vishikizo vya anodi za zinki za kuzuia kutu, vishikizo vya kebo, na masikio ya kunyanyulia ambayo yalikatwa yakaachwa na kovu. Nani anakagua sikio la kunyanyulia? Nenda kasome habari ya Alexander Kielland, jukwaa la kule Norwei lililopinduka baharini tarehe 27 Machi 1980, watu 123 wakafa. Uchunguzi ulirudi nyuma mpaka kwenye ufa wa uchovu wa chuma ulioanzia kwenye mshono wa kona wa milimita 6, wa kishikizo cha kifaa cha kusikiliza sauti majini. Kishikizo! Hakikubeba mzigo wowote wa maana. Na ndani ya ufa walikuta rangi, maana yake ulikuwepo tangu wanapaka rangi karakana, ukapakwa ukaingia nao baharini. Tangu niisome hiyo ripoti, kwangu hamna mshono usio na mzigo. Ukiuchomelea kwenye chuma kinachobeba, umeshabeba. Kwa hiyo vishikizo vya anodi tulivichomelea nchi kavu kabla paili hazijasimama, na makovu ya masikio yalisagwa yakakaguliwa kwa sumaku kama viungio vikubwa.

Na daftari. Mwaka 2005 zilitoka tuhuma kuhusu mishono ya misingi ya daraja jipya la San Francisco-Oakland Bay, zile paili zake za kipenyo cha mita 2.5, kwamba baadhi ilichomelewa vibaya ikafichwa. Mishono imeshafungiwa ndani ya zege na chuma. Serikali ya Marekani ikaingia, vipande vikakatwa vikapimwa, matokeo yakawa mazuri, mishono iliyopimwa ilikidhi. Lakini fikiria kukata msingi wa daraja ili kujua kitu ambacho kingeweza kujulikana siku ile ile kinafanyika. Ndo maana mi naandika mpaka vinavyochosha: nani, saa ngapi, elektrodi za pakiti namba ngapi, ampea, volti chini sio juu, kina, halijoto ya maji, mkondo wa mto, nini kilirudiwa na kwa nini. Sauti ya redio inarekodiwa yote. Ukikuta ripoti ambayo mishono yote imepita mara ya kwanza na hamna hata mmoja uliorudiwa, majini, ikague ripoti hiyo kwanza kabla ya mishono.

Sasa ile sampuli ya pili. Tuliiweka kwenye jeki jioni, tishari limetulia, wazamiaji wote walikuwa wametoka wakaja kusimama wakiwa bado na taulo mabegani. Jeki ikapanda. Bamba likaanza kuinama, likainama, likaendelea kuinama, hamna mlio, mpaka mshono ukachanika polepole katikati yake wenyewe kama nguo nzito, uso wa mpasuko wa kijivu usiong'aa, vitundu vichache vidogo vya kawaida. Jicho la samaki hata moja. Yule mzamiaji mkuu akaomba vipande vyote viwili, cha kwanza na cha pili, akavigeuza geuza kwenye mwanga wa taa muda mrefu, akapitisha kidole gumba kwenye kimoja halafu kingine, macho kafumba.

"Hiki cha kwanza," akasema, "nilikiskia. Mlio wake ulikuwa mkavu. Hamkuniuliza."

Siku hizi kwenye fomu yangu kuna mstari wa ziada, chini ya ampea na volti, unaosema: mchomeleaji ameskia nini.